Mungu anaghairi au haghairi? Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu Hesabu 23:19, Yona na mama yake

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana presha ya miaka mingi. Mwezi uliopita mtumishi mmoja alikuja kwenye maombi mtaani kwetu akamtabiria kwamba hataumaliza mwaka huu, akamsomea Hesabu 23:19, 'Mungu si mtu, aseme uongo. Wala si mwanadamu, ajute', akasema neno likishatoka limetoka, labda itolewe sadaka maalum ya kulifuta. Mama kakata tamaa, dawa leo anameza kesho hamezi. Mimi nikakumbuka Yona sura ya 3, Mungu alighairi kuhusu Ninawi. Kaka yangu ambaye kanisani haendi anacheka tu, anasema Biblia yenu inajipinga na Mungu wenu kigeugeu. Sasa mwalimu, anaghairi au haghairi? Na kama Ninawi haikuangamia, Yona si atakuwa nabii wa uongo kwa Kumbukumbu 18:22, inayosema neno la nabii lisipotimia halikutoka kwa Mungu?"

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa mama. Hayo ni maswali matatu yamefungwa kamba moja, kwa hiyo nivumilie, ntaandika ndefu. La mama ntalifikia nikifika kwa mfalme Hezekia, ila usiruke ukaenda chini moja kwa moja, maana bila hizi za katikati kaka yako atakushika tena.

Tuanze na huo mstari. Hesabu 23:19 hakuusema Musa wala Isaya, kausema Balaamu, mtu wa kutoka mbali huko upande wa mto Frati, ambaye Balaki mfalme wa Moabu alimwita kwa malipo aje awalaani Waisraeli. Balaki kajenga madhabahu saba, kachinja ng'ombe saba na kondoo waume saba, akasubiri laana, ikatoka baraka. Akakasirika, akamhamisha kilima kingine, madhabahu saba tena, ng'ombe saba tena, yaani kama mtu anayezunguka kajinyanyulia simu juu anatafuta network, labda hapa itashika. Ni pale kilima cha pili, juu ya Pisga, ndo Balaamu anamwambia Mungu si mtu, aseme uongo, wala si mwanadamu, ajute. Kwa Kiswahili cha kijiweni: mzee, huyu hahongeki, kashawabariki hawa watu, hata ukichinja zizi zima hatageuza baraka iwe laana.

Umeona huyo mtumishi alichofanya? Kachukua mstari unaosema Mungu hanunuliki akautumia kudai hela. Ningekuwepo ningemwomba asome sura nzima kwa sauti, polepole, mpaka afike kwenye hizo ng'ombe.

Haya, lakini hiyo haijamjibu kaka yako bado, maana yeye anasema basi sawa, hapa hajuti, kule anaghairi, kipi ni kipi. Twende kwenye neno lenyewe maana nusu ya ugomvi iko kwenye tafsiri. Kiebrania kina mzizi mmoja, n-ch-m, hiyo ch isome kama kh, unaotumika sehemu zote hizo mbili. Watafsiri wa Biblia ya Union wakaugawa: sehemu zingine wakaandika kughairi, zingine kujuta. Na si unajua kwetu hayo maneno hayakai kiti kimoja. Mtu akisema nimeghairi safari hakuna anayemuuliza kakosa nini, kabadilisha nia tu, lakini akisema najuta kusafiri, hapo tunavuta viti tusikilize. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaona vitu viwili wakati Mwebrania alisikia kimoja. Halafu mzizi huo huo ndo unaotoa majina ya Nahumu na Nehemia, yote yana faraja ndani yake, na ndo uliopo kwenye Isaya 40 pale "watulizeni mioyo watu wangu". Kughairi, kujuta, kufariji, kutulia moyo, vyote vinatoka chungu kimoja. Ni neno la moyo unaohama kutoka hali moja kwenda nyingine, si neno la mtu aliyekosea hesabu akafuta na raba.

Na usidhani waandishi wa Biblia hawakuliona hilo. Soma 1 Samweli 15. Mstari wa 11 Mungu anasema najuta kwa sababu nimemtawaza Sauli. Mstari wa 29 Samweli anasema Mungu hatajuta, si mwanadamu hata ajute. Mstari wa 35 tunaambiwa tena BWANA akajuta. Sura moja, mara tatu, neno lile lile! Aliyeandika hakuwa amesinzia dada, mistari 6 tu kati ya ya pili na ya tatu. Anataka usome yote pamoja. Sauli alikuwa kashika vazi la Samweli mpaka likararuka, anataka ufalme urudishwe hapo hapo, na jibu analopewa ni kwamba uamuzi wa kumpa mwingine haurudi kwa kuvutana nguo. Lakini huyo huyo Mungu aliyekataa kuvutwa ana uchungu juu ya Sauli, na uchungu huo kitabu hakiufichi.

Kuna maelezo ya zamani sana, yako kwa Wayahudi kama Filo wa Aleksandria na kwa mababa wa kanisa pia, kwamba hiyo ni lugha ya kibinadamu tu, Mungu anasemwa kama mtu ili sisi tuelewe. Siyakatai, yana ukweli wake, ila naona watu wanayakimbilia haraka mno, kama kufunika sufuria kabla hujaona kilichomo. Manabii wenyewe hawaongei hivo.

Twende kwa Hosea, mimi hapa napapenda kuliko popote. Hosea aliishi ufalme wa kaskazini wa Israeli, karne ya 8 KK, miaka ya mwisho mwisho kabla Ashuru hawajauchukua mji wake mkuu, Samaria, mwaka 722. Sura ya 11 Mungu anaongea kama mzazi, anakumbuka jinsi alivyomfundisha Efraimu, yaani huo ufalme wa kaskazini, kutembea, alivyombeba mikononi, mtoto kakua kageuka. Hukumu imeshatamkwa. Halafu ghafla mstari wa 8: "Nikuacheje, Efraimu? ... Nikufanyeje kama Adma? Nikuwekeje kama Seboimu?" Adma na Seboimu ni miji iliyopinduliwa pamoja na Sodoma na Gomora, Kumbukumbu 29:23 inaitaja yote minne. Kitenzi cha kupindua pale ni hafaki. Sasa angalia Hosea anachofanya, anachukua kitenzi hicho hicho halafu hakipeleki kwenye mji, anakipeleka kwenye moyo wa Mungu: "Moyo wangu umegeuka ndani yangu". Kilichopinduka si Samaria, ni moyo wa Mungu. Na zile "huruma zangu zimewaka" zinazofuata, huruma hapo kwa Kiebrania ni neno la ule mzizi wetu wa kughairi.

Kisha mstari wa 9 anatoa sababu ya kutoangamiza: "maana mimi ni Mungu, wala si mwanadamu".

Isome tena hiyo, kisha iweke karibu na Hesabu 23:19. Kwa Balaamu, Mungu si mwanadamu, ndo maana haghairi. Kwa Hosea, Mungu si mwanadamu, ndo maana anaghairi. Kaka yako atasema umeona, nilikwambia. Lakini mwulize: mwanadamu yeye anakuwaje? Mwanadamu ukimpa bahasha baraka yake inageuka. Na mwanadamu ukimuudhi, hasira yake inakaa, kinyongo anakitunza miaka na miaka, mpaka kwenye kaburi lako haji. Kote kuwili Mungu hayuko hivo, na kote kuwili anayefaidika ni Israeli yule yule. Kigeugeu ni bendera, inafuata upepo unakotoka, leo huku kesho kule. Huyu ukimsukuma kwa hela kwenda kwenye laana hasogei, ukimlilia kwenda kwenye rehema anasogea, sasa huyo mwelekeo wake si unajulikana?

Niwe mkweli hapa, Samaria ilianguka. Hosea 11 haikuzuia majeshi ya Ashuru. Ilichosema ni kwamba haitakuwa kama Adma, mji ambao hakuna aliyebaki hata wa kuusimulia. Ukisoma manabii ukitegemea kila kughairi ni msiba umefutwa kabisa utachanganyikiwa, saa ingine kinachofutwa ni ule mwisho wa mwisho.

Sasa Yona. Mahubiri yake Ninawi, mji mkubwa wa hao hao Ashuru, kwa Kiebrania ni maneno matano tu, bado siku arobaini na Ninawi itapinduliwa. Hakuna toba ndani yake, hakuna "msipoacha", hata jina la Mungu halimo. Nadhani ni mahubiri ya uvivu kuliko yote kwenye Biblia, mtu katoka kwenye tumbo la samaki na bado hataki kazi. (Tafsiri ya zamani ya Kigiriki, Septuajinta, inasema siku tatu badala ya arobaini, yaani huko haraka ilikuwa zaidi.) Na kitenzi anachotumia ni kile kile, hafaki, cha Sodoma na cha moyo wa Mungu kwa Hosea. Kina maana ya kupinduliwa ukaharibika, na kina maana ya kugeuka ukawa kitu kingine. Yona aliisema akiwaza ya kwanza, Ninawi ikafanya ya pili, mfalme kashuka kwenye kiti kakaa majivuni, watu wamefunga, na hadi ng'ombe na kondoo wamenyimwa chakula na kuvishwa magunia. Hebu pata picha ya ng'ombe kavaa gunia, anatembea mjini. Mwandishi alitaka ucheke hapo, mi nina uhakika, ila acheke aliyetubu kuliko hao ng'ombe.

Ndo jibu la Kumbukumbu 18:22. Nabii wa uongo ni yule aliyesema neno ambalo Mungu hakumtuma. Yona alitumwa, tena kwa nguvu. Na kama nia ilikuwa kuiteketeza Ninawi na basi, hizo siku arobaini za nini? Mtu anayetaka tu kukubomolea haji kwanza kukuandikia X ukutani akakupa muda. Sodoma haikupewa siku arobaini. Ile notisi yenyewe ilikuwa mlango, na mfalme wa kipagani aliuona wakati nabii aliyeubeba alikuwa anaomba ujifunge.

Mwandishi wa Yona ana kamchezo kengine ka neno. Kiebrania raa ni uovu na pia ni maafa. Watu wa Ninawi wakaiacha raa yao, Mungu akaghairi raa yake, na sura ya 4 mstari wa 1, likawa raa kwa Yona, tena kubwa. Yaani uovu umetoka mjini, maafa yametoka kwa Mungu, vyote vimehamia kifuani kwa nabii.

Tusimcheke sana Yona lakini. Ukienda British Museum pale London kuna mawe ya kuchonga yaliyotolewa kwenye jumba la mfalme Senakeribu huko huko Ninawi, yanaonyesha Ashuru walivyoiteka Lakishi ya Yuda mwaka 701 KK. Watu wamechomekwa kwenye miti iliyochongoka, wengine wamelazwa chini wanachunwa ngozi, na wanawake na watoto wanatembea kwenda uhamishoni na mizigo yao. Hao ndo Ninawi kwa msomaji Mwebrania. Mtu ambaye babu yake alichunwa ngozi ukimwambia Mungu kawasamehe, atakuelewa?

Na Yona hasemi Mungu kabadilika, shida yake ni kwamba Mungu habadiliki! Sura ya 4 mstari wa 2 anasema ndo maana nilikimbilia Tarshishi, nalijua, wewe ni Mungu mwenye neema, umejaa huruma, mwingi wa rehema, nawe waghairi mabaya. Hayo maneno hakuyatunga, ni Kutoka 34:6, Mungu alivyojitambulisha kwa Musa baada ya ile kesi ya ndama wa dhahabu. Ila yaweke pembeni uone. Kutoka inaishia "mwingi wa rehema na kweli". Yona kafika kwenye rehema, neno kweli kaliruka, mahali pake kuna "waghairi mabaya". Na huyu anaitwa Yona bin Amitai, jina la baba yake limetoka kwenye neno hilo hilo la kweli, emeti. Mtoto wa kweli haoni kweli kwenye rehema. Anaona kama kaambiwa aseme uongo mbele za watu, maana alisema itapinduliwa na haikupinduliwa. Kwa hiyo lile swali lako la nabii wa uongo, Yona alikutangulia kulilalamikia.

(Yoeli 2:13 nayo ina maneno karibu hayo hayo, lakini kule ni kuwatia moyo Yuda watubu, "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu". Dua ile ile, kwa Yoeli ni habari njema, kwa Yona ni mashtaka. Na majirani zetu Waislamu wanaijua habari hii, Sura ya 10 ya Kurani inaitwa Yunus, na aya ya 98 inawataja watu wa Yunus kuwa ndio walioamini wakaondolewa adhabu. Wayahudi nao wanakisoma kitabu chote cha Yona alasiri ya siku yao ya upatanisho.)

Aliyeandika kanuni yenyewe waziwazi ni Yeremia, sura ya 18. Anatumwa nyumba ya mfinyanzi, anamkuta kakaa kwenye magurudumu yake mawili ya mawe, chombo kikaharibika mkononi. Fundi hakuutupa udongo, akaufinyanga upya kikawa chombo kingine. Ndipo Mungu anasema, nikitamka juu ya taifa kwamba nitaling'oa na kulivunja, taifa lile likigeuka nitaghairi mabaya, na nikitamka nitalijenga na kulipanda, likifanya maovu nitaghairi mema. Inakata pande zote mbili hiyo, na upande wa pili hatuuhubiri kabisa siku hizi, kila mtu anadai ahadi yake kama ana risiti.

Watu husoma sura ya 18 wakafunga Biblia. Fungua ya 19. Hapo Yeremia ananunua gudulia, la udongo pia, lakini hili limeshachomwa. Anaenda nalo bonde la mwana wa Hinomu na wazee kadhaa, analivunja mbele yao, anasema hivi ndivyo nitakavyouvunja mji huu, kama chombo kisichoweza kutengenezwa tena. Udongo ule ule, fundi yule yule. Ila mbichi unakandwa upya, uliokauka ukapita motoni unavunjika tu. Ukimuuliza kwa nini Mungu alighairi huku na kule hakughairi, ni kama jibu lake liko kwenye ugumu wa udongo, wala mkono wa fundi haujabadilika.

Halafu sura ya 26, hiyo ni kesi kabisa, ya mahakamani. Mwanzo wa Yehoyakimu, kama mwaka 609 au 608 KK, Yeremia kasimama uani mwa hekalu kasema nyumba hii itakuwa kama Shilo, mahali pa ibada pa zamani palipoachwa magofu, makuhani na manabii wamemkamata wanataka auawe. Wanainuka wazee fulani wa nchi, wanasema ngojeni kidogo, nabii Mika Mmorashti alisema enzi za Hezekia "Sayuni utalimwa kama shamba", je Hezekia alimuua? Hakumuua, alimcha BWANA, na BWANA akaghairi. Fikiria, miaka kama mia imepita, wazee wale wananukuu Mika 3:12 kwa kichwa, na nia yao ni kuokoa roho ya mtu. Sayuni haikulimwa siku zile za Hezekia na hakuna aliyemwita Mika mwongo, walimtunza na kitabu chake. Na ukimfungua Mika mwenyewe hukuti "ikiwa" yoyote kwenye mstari ule, kama kwa Yona tu. Hao wazee walijua "ikiwa" imo hata isipoandikwa. Yeremia akapona, Ahikamu bin Shafani alimkingia kifua. Nabii mwenzake Uriya hakupona, walimfuata mpaka Misri wakamrudisha akauawa.

Lakini Yerusalemu yenyewe baadaye, 586 KK, ilichomwa. Kwa hiyo dada usije ukamwambia kaka yako kughairi ni lazima, ukifunga siku tatu basi Mungu kaburuzwa. Mfalme wa Ninawi alisema "ni nani ajuaye", Yoeli kasema vile vile, hawakudai. Na Amosi anatuonyesha inavyofika mwisho. Sura ya 7, anaonyeshwa nzige wanakula majani, anaomba, Yakobo atasimamaje, kwa maana ni mdogo? BWANA akaghairi. Anaonyeshwa moto, anaomba vile vile, akaghairi tena. Sikiliza hoja yake lakini, hasemi Israeli ni wema. Anasema ni wadogo. Hao hao ambao sura ya 6 wanajisifu wameteka miji kwa nguvu zao wenyewe, nabii akisimama mbele za Mungu anawaona kama katoto kanakotetemeka. Maono ya tatu ni timazi, mafundi wetu wa kujenga wanaijua, kamba na uzito unaning'inia kuona ukuta umenyooka au umelala, na hapo Mungu anasema sitawapita tena. Amosi hakuomba, au hakupewa nafasi. Na kitabu kinapachika hapo hapo, kati ya maono ya tatu na ya nne, stori ya Amazia kuhani wa Betheli anamfukuza Amosi, nenda kwenu Yuda ukale mkate wako huko, hapa usitabiri tena. Wanamfukuza mtu pekee ambaye alikuwa anazuia nzige. Baada ya hapo ni maono ya nne, kikapu cha matunda, na mwisho umefika.

Mtabiri wa mama yako sasa. Kwenye Yeremia 28 kuna nabii Hanania aliyetangaza ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi kutoka Babeli. Yeremia akamwambia, nabii anayetabiri amani ndo anayepimwa kwa neno kutimia. Wa maafa yeye neno lake likikosa kutimia inaweza kuwa ni rehema. Hanania alikufa mwaka ule ule na vyombo havikurudi. Nasema hivi kwa sababu najua baadhi ya wenzetu wameshaipenda hii mada, wanatabiri gari na visa na ndoa mwezi wa sita, mwezi wa sita ukipita kimya wanakwambia Mungu kaghairi. Kwenye ahadi tamu mlango huo kwa Yeremia ni mwembamba sana, lazima uonyeshe ni uovu gani umetokea katikati.

Haya, Hezekia. Ni 2 Wafalme 20, iko pia Isaya 38. Mfalme anaumwa, anakuja nabii ambaye hakuna anayemtilia shaka, Isaya mwenyewe, anamwambia tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona. Hakuna "ikiwa", tena kimesemwa mara mbili, utakufa na hutaishi. Mambo ambayo mama yako kaambiwa, ila hapa kasema Isaya. Hezekia akageuza uso ukutani, akaomba, akalia sana. Isaya hajafika mbali, bado hajatoka eneo lile, neno likamjia, rudi, mwambie nimeyasikia maombi yako, nimeyaona machozi yako, naongeza siku zako miaka 15. Hakuna madhabahu saba. Hakuna ng'ombe. Hakuna sadaka ya kufuta, kuna mtu mgonjwa amegeukia ukuta.

Kwa hiyo hata kama huyo mtumishi angekuwa Isaya, bado mama angekuwa na ukuta wa kugeukia, na angekuwa na haki ya kulia. Mimi sisemi mama ataishi miaka 15, sijatumwa. Nasema aliyemwambia imefungwa mpaka alipe kamsomea mstari unaomkana yeye mwenyewe, na hela hiyo msitoe, hata shilingi.

Na msome mstari wa 7, huu watu wanauruka kabisa. Baada ya ahadi ya miaka 15, baada ya neno la Mungu kubadilika ndani ya dakika chache, Isaya anaagiza waletewe mkate wa tini. Wakaupata, wakauweka juu ya jipu, akapona. Tini zilikuwa dawa yao ya majipu kipindi hicho. Msomee mama hiyo leo jioni, halafu mpe kidonge chake cha presha na maji, na kesho tena saa ile ile, na tarehe yake ya kliniki ikifika umsindikize wewe mwenyewe.